Kusoma Riwaya Nzito kwa Pamoja: Mwongozo Kamili wa Kuandika na Kubadilishana Maoni

Wengi wetu nchini Uganda tulikutana na riwaya kwa mara ya kwanza darasani, mtihani ukitusubiri mwisho wa muhula. Tulifundishwa kutaja dhamira, kueleza sifa za mhusika mkuu na kukariri mistari ya kuthibitishia hoja. Kazi hiyo ina faida yake, ila ni nadra mwalimu kutuuliza ni ukurasa gani uliotukosesha usingizi. Ndiyo maana mtu mzima anapojiunga na changamoto ya kusoma riwaya na kuombwa maoni, mara nyingi hutoa neno moja la kusifu au kuponda, au hurudia insha ya kidato cha nne.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kundi la watu 6 hadi 12 wanaotaka kusoma riwaya zenye uzito kwa Kiswahili, au kuzisoma kwa Kiingereza na kuzijadili kwa Kiswahili. Kanuni inayobeba hatua zake zote ni moja: kila maoni yafungwe kwenye mahali maalumu kitabuni, ili msikilizaji aweze kufungua nakala yake na kuona kile ambacho msemaji alikiona.

Hatua ya kwanza: Pangeni mwaka mnaouweza

Vitabu 6 kwa mwaka vinatosha, yaani miezi miwili kwa kila kitabu. Changamoto za kitabu kimoja kila wiki zinawafaa watu wachache wenye muda mwingi, na hata hao huishia kuhesabu vitabu badala ya kuvikumbuka. Mtu anayefunga kibanda chake Owino jioni, kisha akakaa kwenye foleni ya Jinja Road hadi Mukono, hawezi kusoma zaidi ya kurasa kumi na tano usiku huo, na ratiba isiyomhesabu itampoteza mapema.

Zingatieni pia kwamba kuzungumza Kiswahili na kusoma riwaya ya Kiswahili ni kazi mbili tofauti. Tangu Baraza la Mawaziri lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, hamu ya kukisoma imeongezeka, lakini katika kundi moja utamkuta aliyekipata sokoni Busia, aliyekulia nacho Arua au Bombo, aliyekuja nacho kutoka Kongo, na mwalimu aliyekisomea chuoni. Wote wanaelewana wakizungumza. Wakifungua kitabu, mmoja atamaliza sura nzima huku mwingine yuko ukurasa wa tatu. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kiwe kifupi, na wanaosoma polepole wasilazimishwe kujieleza.

Chagueni siku ya kikao isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na mahali pasipohitaji malipo. Chumba cha parokia, darasa lililo wazi mwishoni mwa wiki au sebule ya mwanachama vinatosha.

Hatua ya pili: Chagueni vitabu kwa jozi

Hapa ndipo makundi mengi hukosea, kwa maoni yangu. Huchukua orodha ya vitabu ambavyo eti kila mtu lazima avisome kabla ya kufa, wakaanza cha kwanza, na kila kitabu kikabaki kisiwa. Ni bora kuchagua vitabu viwili vinavyogusa jambo moja kutoka pande mbili, kwa sababu msomaji anapofika kwenye cha pili tayari ana hisia za kulinganisha, na ulinganisho hufungua midomo ya watu wanaodai kwamba hawajui uhakiki.

Jozi ya kwanza ninayoipendekeza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Zote mbili zina baba anayemfungia binti yake kwa jina la heshima, na binti anayekosa ngao pale mlango unapofunguka. Hadithi ya Rosa inaanzia Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya ziwa hilihili linalopiga pwani za Entebbe na Kalangala, na msomaji wa huku hatahitaji kuelezewa maisha ya watu wa visiwani. Maimuna wa Utengano anatoka katika nyumba ya mtu mkubwa kwenye mwambao, ambako kufungiwa kuna desturi zake. Miisho ya riwaya hizi mbili haifanani kabisa, na sitaitaja hapa, lakini niamini kwamba tofauti hiyo peke yake inajaza kikao kizima.

Jozi ya pili ni Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), ambayo ipo kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, na Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyochapishwa kwanza Nairobi mwaka 2014. Katika kila moja yumo mwanamume mwenye cheo anayelea mtoto wa watu wengine, na katika kila moja mtoto huyo anakufa kwa mkono wa mlezi wake. Ikemefuna anakufa kwa panga la Okonkwo baada ya kuishi naye miaka mitatu. Kalema anakufa kwa kofi la Kintu Kidda, alilopigwa kwa kutaka kunywa kwenye kibuyu cha mkubwa. Matukio yote mawili yako mapema, kwa hiyo sijamharibia mtu utamu. Jambo la kusubiri kikaoni ni wasomaji kuanza kubishana kama kofi na panga ni dhambi moja, na kama Kintu Kidda, aliyemficha baba mzazi habari ya kifo, ana hatia zaidi ya Okonkwo aliyetenda mbele ya watu.

Jozi ya tatu ni Great Expectations ya Charles Dickens na Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Pip na Yusuf ni wavulana wanaotolewa nyumbani na kuwekwa chini ya mtu mwenye uwezo ambaye hawamwelewi. Yusuf anaamini kwamba anasafiri na mjomba wake, hadi Khalil, kijana wa dukani, anapomweleza kwamba Aziz si mjomba wake hata kidogo, na kwamba yeye amewekwa rehani kwa deni la baba. Katika nchi ambayo watoto wengi hupelekwa mjini kukaa kwa jamaa, na baadhi hugeuzwa watumishi wa nyumba, sijui kama kuna kundi litakalosoma ukurasa huo kwa utulivu.

Hatua ya tatu: Pateni nakala

Maduka ya vitabu ya Kampala Road huwa na riwaya za Afrika zilizoandikwa kwa Kiingereza, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika, ukiwazoea, watakuwekea unachokitafuta. Shirika la waandishi wanawake FEMRITE, lililoanzishwa miaka ya 1990 na lenye ofisi Kamwokya, ni mahali pa kuuliza kazi za waandishi wanawake wa Uganda. Vitabu vya Kiswahili ndivyo vigumu. Njia ya kawaida ni kumwagiza mtu aliyeko Nairobi au Dar es Salaam na kupokea kifurushi kwa basi, kwa hiyo agizeni vyote vya mwaka kwa mara moja, mgawane nauli ya mzigo.

Riwaya za zamani za Ulaya hazina gharama. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda kazi kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Dickens alifariki mwaka 1870. Kitabu chake kinapatikana bure kwenye intaneti kupitia Project Gutenberg, na mnaweza kukichapisha Nasser Road bila kumwibia mtu. Achebe alifariki 2013, Kezilahabi 2020, na Makumbi na Gurnah wangali wanaandika, kwa hiyo vitabu vyao vinunuliwe au viazimwe. Watu wawili wanaoishi karibu wanaweza kusoma nakala moja kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine usiku, na nimeona jambo hilo likizaa mazungumzo mazuri kuliko ya kikao chenyewe.

Kwa kuwa nakala zitatofautiana, acheni kabisa kutaja namba za kurasa. Tajeni sura.

Hatua ya nne: Gaweni kitabu mahali kinapogawanyika chenyewe

Usigawe idadi ya kurasa kwa idadi ya wiki. Waandishi wengi wameshaweka vituo, na kazi ya mpangaji ni kuvitafuta kabla wenzake hawajaanza. Things Fall Apart ina sura 25 katika sehemu tatu: ya kwanza inaishia sura ya 13, ya pili sura ya 19, na ya tatu sura ya 25. Ningeongeza kituo kimoja kwenye sura ya 7, kwa sababu baada ya hapo msomaji anahitaji kuvuta pumzi. Kintu ina vitabu vidogo 6, na kila kimoja cha vile vitano vya kwanza kinamfuata mtu mmoja wa ukoo uleule, tangu mwaka 1750 hadi Kampala ya mwaka 2004. Mgawanyo wake umekwisha kupangwa, na mwanachama mmoja apewe kazi ya kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, akiuongezea matawi kila kikao. Bila mti huo watu hupotea kwenye sehemu ya tatu na kuona aibu kusema.

Great Expectations ilitoka kwanza kipande kwa kipande katika gazeti la kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wasomaji wake wa kwanza walikaa wiki nzima wakibahatisha kitakachofuata, nanyi mnaweza kufanya vivyo hivyo. Ina sura 59, na hatua zake kubwa zinaishia sura ya 19 na ya 39. Msimruhusu mtu yeyote kuizungumzia sura ya 39 kabla wote hawajaifikia. Kundi litakalotaka siku moja kujipima kwa mlima mrefu zaidi lijue kwamba War and Peace ya Tolstoy ina sura 361, nyingi zikiwa fupi, hivyo sura moja kwa siku humaliza kitabu ndani ya mwaka.

Hatua ya tano: Someni mkiwa na penseli

Kila msomaji awe na daftari dogo au penseli ya kuandika pembeni. Alama tatu zinatosha: mstari kwa sentensi iliyokugusa, alama ya kuuliza kwa usichokielewa, na msalaba kwa unachokipinga. Baada ya kila sura, kabla ya kulala, andika sentensi moja tu inayoeleza kilichokutokea ulipokuwa ukisoma. Usieleze kilichotokea kwenye hadithi, kwa sababu hicho kimo kitabuni tayari. Andika kwamba ulichoka, kwamba ulicheka kwenye taksi watu wakakutazama, kwamba ulimwonea huruma mtu usiyetaka kumwonea huruma, au kwamba ulisoma mistari mitano huku ukiwaza karo ya watoto.

Sentensi hiyo iandikwe kabla ya kuzungumza na mwenzako yeyote na kabla ya kusoma uhakiki. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Hisia ya kwanza ni dhaifu, na ikikutana na maoni ya mtu anayejiamini, hujificha. Mtu aliyeiandika ataikuta kesho yake ikiwa mahali pake.

Hatua ya sita: Geuzeni hisia kuwa maoni

Hii ndiyo hatua yenye kazi nyingi zaidi. Hisia peke yake haijadiliki. Ukisema umechoka, mwenzako hawezi kukubishia wala kukuunga mkono. Ili hisia iwe maoni, ipitishe kwenye maswali matatu kwa mfuatano huu: nini kilinitokea, kilinitokea wapi kitabuni, na ni kitu gani mahali hapo kilichokisababisha.

Tuchukue mfano. Msomaji amemaliza sura za mwanzo za Things Fall Apart na ameandika: "Okonkwo ni mkatili, simpendi." Sentensi hiyo ni ya kweli kwake, lakini hatuna pa kuishikia. Akijiuliza maswali yale matatu, anaweza kufika hapa:

"Nilipofika sura ya 7 nilimchukia Okonkwo. Kwenye sura ya 8 nikamkuta hajaonja chakula kwa siku mbili, na hasira yangu ikayumba. Mzee Ezeudu alikuwa amemwonya asiwe na mkono katika kifo cha mtoto anayemwita baba, naye akaenda, akampiga kwa kuogopa kuonwa dhaifu. Nikifikiri sasa, kinachoniudhi zaidi ni woga huo, kwa sababu naufahamu tangu nikiwa mvulana mbele ya wavulana wenzangu."

Tazama kilichoongezeka. Msomaji ametaja sura mbili, kwa hiyo sote tunaweza kuzifungua. Ameonyesha hisia yake ikibadilika, na mabadiliko hayo yanatwambia kitu kuhusu namna Achebe alivyopanga sura hizo, moja ya tendo na ya pili ya mtu aliyebaki na tendo lake. Amejitaja mwenyewe mara moja, mwishoni, bila kukigeuza kitabu kuwa hadithi ya maisha yake. Kisha ameacha mlango wazi, maana mwanamke aliyekaa kando yake anaweza kusema kwamba yeye hakuona woga hapo, aliona sheria ya mji iliyotolewa na Mzimu wa Vilima, kinywa cha miungu yao, na kwamba wanaume wengine walikwenda pia. Mjadala umeanza, na hakuna aliyetaja neno "dhamira".

Jifunzeni pia kutenganisha watu watatu ambao wasomaji wengi huwachanganya: mhusika anayetenda, msimulizi anayesimulia, na mwandishi aliyewaumba wote wawili. Katika Great Expectations, msomaji akisema kwamba Pip hana shukrani kwa Joe, fundi chuma aliyemlea, amesema kweli. Lakini anayesimulia ni Pip aliyekwisha kuwa mtu mzima, naye amejihukumu kwa ukali kabla yetu. Ukiona hivyo, swali hubadilika: je, toba ya msimulizi inampunguzia kijana lawama zetu, au ni ujanja wa kutufanya tumsamehe haraka? Katika Rosa Mistika msimulizi hajihusishi na hadithi kwa namna hiyo, na msomaji huachwa peke yake na Zakaria, baba mlevi wa Rosa, bila mtu wa kumwambia amchukie kiasi gani. Wasomaji wazazi na wasomaji vijana watamgawa Zakaria vipande viwili, na huo ndio mjadala unaoutafuta.

Habari za nje ya kitabu zije baada ya maoni ya kwanza. Ni jambo la maana kujua kwamba Rosa Mistika ilizuiwa kusomwa shuleni Tanzania kwa muda ilipotoka, lakini anayelijua hilo kabla ya kusoma hutafuta aibu kila ukurasa. Mwacheni asome, aandike, kisha mumwambie, na mumuulize kama angeizuia.

Hatua ya saba: Endesheni kikao bila kukigeuza darasa

Kikao cha saa mbili kinatosha, na mwongozaji abadilike kila mara. Aanze kwa kumwomba mtu mmoja asome kwa sauti ukurasa aliouchagua, kwa sababu waliofika wakiwa wamechoka, na hata wale ambao hawakumaliza, watarudi kitabuni kupitia masikio.

Tatizo letu kubwa ni heshima. Mzee au mwalimu akishazungumza, vijana hunyamaza, na msichana wa miaka ishirini hatambishia mwanamume wa rika la baba yake kuhusu Maimuna, hata kama ndiye aliyekielewa kitabu kuliko wote. Dawa nafuu ninayoifahamu ni karatasi. Kila mtu aandike maoni yake kwa sentensi mbili au tatu, bila jina, akunje na kuweka kwenye kofia au kikapu. Kisha kila mmoja achukue ya mwingine, aisome kwa sauti na kuitetea kwa dakika mbili kana kwamba ni yake. Mzee atajikuta anatetea maneno ya kijana, na kijana ataweza kuyapinga maneno ya mzee bila kumvunjia heshima, kwa sababu hajui ni ya nani.

Mwongozaji awe na swali moja la kudumu: "Umeliona wapi?" Aliulize kwa adabu na bila kuchoka. Mwanachama akitangaza kwamba wanawake katika Kintu ndio wenye nguvu kuliko wanaume, ajibiwe, "Sawa, nnyabo, umeliona wapi?" Atafungua kitabu, wenzake watafungua vyao, na kwa dakika tano chumba kizima kitakuwa kinasoma. Mwalimu akianza kueleza historia ya Buganda kuanzia Kabaka wa kwanza, swali lilelile litamrudisha: "Tunakushukuru, Mwalimu. Hilo tunaliona wapi katika sehemu ya kwanza?"

Lugha isiwe kizuizi. Dondoo lisomwe katika lugha ya nakala iliyopo, maelezo yatolewe kwa Kiswahili, na mtu akikwama, aseme kwa Luganda, Lugbara au Kiingereza na mwenzake amsaidie kulivusha wazo. Kusahihishana sarufi katikati ya maoni ya mtu ni mwiko.

Hatua ya nane: Tumieni simu kwa kiasi

Kati ya kikao na kikao, kundi la WhatsApp linasaidia likiwa na taratibu tatu. Kila ujumbe uanze na jina la kitabu na namba ya sura, ili aliye nyuma auruke. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili, kwa sababu bando ni pesa. Na matangazo ya harusi, michango na siasa yapelekwe kwingine. Anayefichua jambo la mbele kwa makusudi, anunue chai ya kikao kijacho.

Hatua ya tisa: Jiandaeni kwa kurasa zinazouma

Riwaya nzito hugusa mambo ambayo baadhi ya wanachama wameyapitia. Mkichagua Waiting ya Goretti Kyomuhendo (2007), inayosimulia familia ya kijijini ikisubiri mwisho wa utawala wa Idi Amin mwaka 1979, kumbukeni kwamba mtu wa miaka sitini na tano aliyeketi nanyi alikuwa kijana wakati huo. Kwa baadhi ya watu wa rika lake, Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na ya mtu mwenye bunduki, nalo ni jambo linalostahili kuzungumzwa wazi katika kundi linalosoma kwa Kiswahili. Kundi lenye wakimbizi kutoka Kongo au Sudan Kusini lina kumbukumbu zake pia.

Mpangaji asome kitabu chote mapema na kuwaambia wenzake, kwa sentensi moja tu, kwamba sura fulani ina ubakaji, kujiua au mauaji. Rosa Mistika ni mojawapo ya vitabu vinavyohitaji onyo hilo. Kikaoni, asilazimishwe mtu kusema kwa nini ametoka nje. Anayetaka kusimulia yaliyompata asikilizwe hadi mwisho, na mwongozaji asimwulize ameliona wapi. Swali hilo ni la vitabu. Ubishi ukihama kutoka kwa wahusika ukafika kwenye makabila au dini za watu waliopo, usomeni kwa sauti ukurasa ulioanzisha ubishi, kisha mwombeni kila mmoja aseme mhusika alifanya nini hasa. Mara nyingi sauti hushuka.

Hatua ya kumi: Ruhusuni watu kuacha kitabu

Asiyependezwa na kitabu aruhusiwe kukiacha baada ya kusoma theluthi moja, kwa sharti kwamba aje kikaoni na kueleza aliachia wapi na kwa sababu gani. Maoni ya aliyeacha ni maoni kamili. Watu watatu wakiachia Great Expectations kwenye sura zilezile za mwanzo wa maisha ya Pip mjini London, hapo pana jambo la kujadili: je, ni urefu wa sentensi, ni utani wa Kiingereza cha karne ya 19 usiotufikia, au ni kwamba hakuna tena Joe wa kumpenda? Aliyemaliza asimcheke aliyeacha. Amwambie tu kama sura zinazofuata zinalipa.

Hatua ya kumi na moja: Andikeni maoni ya mwisho

Wiki moja baada ya kikao cha mwisho cha kitabu, kila mwanachama aandike ukurasa mmoja. Aanze kwa kurudia kusoma ukurasa wa kwanza wa riwaya, kwa kuwa anayejua mwisho huuona mwanzo kwa macho tofauti: mauaji ya Bwaise yanayofungua Kintu, kwa mfano, hayaeleweki hadi umefunga kitabu. Kisha apitie sentensi zake za daftarini na kuchagua mbili zinazopingana. Andiko lake liwe safari kati ya hizo mbili, likieleza ni sura gani iliyomhamisha kutoka moja hadi nyingine. Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi tatu, na mwisho usifichuliwe. Ikiwa ni lazima kuuzungumzia, onyo liwekwe juu kabisa. Dickens hurahisisha kazi, maana aliandika miisho miwili ya Great Expectations, akaubadilisha wa kwanza kwa ushauri wa rafiki kabla ya kuchapisha, na matoleo mengi huweka ule wa zamani nyuma ya kitabu. Mwanachama anaweza kuchagua anaoutaka na kuutetea.

Jozi ikikamilika, kila mmoja asome tena andiko lake la kitabu cha kwanza na aongeze aya moja chini yake, yenye tarehe, akieleza kama kitabu cha pili kimelibadilisha. Katibu akusanye karatasi zote kwenye jalada moja na kulileta kila kikao, ili mwanachama mpya alisome kabla ya kujiunga. Jozi ya mwaka unaofuata ipendekezwe kwanza na wale ambao hawajawahi kupendekeza.